Mashindano ya kila mwezi ya klabu yetu ya kukereza mbao Tanga: mwaka mzima sijashinda na ada bado nalipa

Kwanza niseme wazi, mi si fundi. Mi mtu wa ofisi, nakaa Chumbageni, nilianza kupenda kukereza (yaani mbao inazungushwa kwenye mashine wewe unaichonga kwa patasi) baada ya kukosa usingizi usiku mmoja nikawa naangalia video za watu wanakereza mabakuli kwenye simu mpaka adhana ya alfajiri, basi nikanogewa. Sa wadau wamenisumbua sana wasap, eti lile kundi la wakerezaji la Ngamiani unalolipia kila mwezi linafaa au unachezea hela tu, na yale mashindano yao yakoje, mtu asiyejua kitu anaweza kuingia? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika hapa mara moja. Jina la klabu silitaji kwa sababu humu ndani nitalalamika na wale wazee bado nakunywa nao chai. Halafu tunaita klabu, siyo kilabu, maana ukisema Jumamosi naenda kilabuni mke wa mtu anaelewa vingine kabisa.

Shindano langu la kwanza mada ilikuwa pia. Ndiyo, pia, ile ya kuchezea watoto. Mi nikajua wananitania mgeni, nikakereza yangu ndefu ya mtiki, nikaichora mistari mitatu, nikaisugua na nta ya nyuki mpaka ikawaka, nikaiweka mezani na kikaratasi cha namba 7. Wala hawakuiangalia! Wakaleta sahani ya kioo, mtu mmoja kashika simu yenye saa ya kuhesabia, kila pia inazungushwa kwa vidole mara tatu inachukuliwa ile mara iliyodumu zaidi. Yangu sekunde 11. Ikayumba kama mtu aliyekunywa mnazi wa jana, ikalala. Ya mtoto mmoja wa darasa la sita aliyekuja na babu yake ikakaa dakika moja na sekunde 34, tena ilikuwa mbaya yaani, fupi, bapa kama kitumbua kilichokaliwa. Yule babu akanipigia bega akaniambia, mwanangu, wewe umekereza mnara, sisi tulisema pia.

Nikamuuliza siri ni nini akanieleza bila choyo. Uzito uushushe chini karibu na ncha na uupeleke pembeni, uzunguke kwa mbali, usiuache umesimama katikati juu kama kichwa cha mlingoti. Shina la kushikia liwe jembamba, kwa sababu vidole vikisokota kijiti chembamba kinapata mizunguko mingi kuliko kinene. Ncha iwe ndogo lakini siyo kali kama sindano, ikichimba kioo imekwisha. Na kitu kikubwa kuliko vyote iwe imekerezwa na kumalizwa bila kutolewa kwenye mashine, maana ukiitoa ukairudisha haikai tena pale pale katikati, na pia isiyo na katikati ni kipande cha kuni tu.

Hilo ndo shindano ninalolipenda mpaka leo na kama wangeniuliza ningesema liwepo mara mbili kwa mwaka. Hakuna wa kumlaumu. Saa ndo hakimu, haina shemeji wala jirani.

Sasa miezi mingine siyo hivyo. Utaratibu wa kawaida ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi, kuanzia saa kumi na kitu, watu wakishaswali alasiri. Mada inatangazwa miezi miwili kabla na hapa nawapa maksi zote, kwa sababu mti haufuati haraka ya mtu. Unaleta kazi yako, unaokota kikaratasi chenye namba kwenye kopo, jina lako linabaki kwa katibu. Kila mwanachama anapewa komwe tatu, zile zile za bao, anapita mezani anazitia kwenye vikombe vya plastiki vilivyo mbele ya kazi, anaweza kuzigawa au kuzitia zote sehemu moja, ila siyo kwenye yake. Wa kwanza pointi 4, wa pili 3, wa tatu 2, na kila aliyeleta kitu chochote hata kikiwa kimepasuka anapata 1. Mwisho wa mwaka zinajumlishwa. Hiyo pointi moja ya kuleta tu nilidharau mwanzoni ila ndo iliyofanya watu waje hata mvua ya masika ikinyesha, mimi mwenyewe nina pointi 12 na zote ni za namna hiyo, mtu asinicheke.

Shida ni komwe. Komwe inapigwa na macho, tena macho yaliyosimama hatua mbili kutoka mezani, na macho yanapenda kikubwa, kinachong'aa na chekundu. Mwezi wa mabakuli kulikuwa na bakuli la mninga saizi ya beseni la kufulia, limepigwa klia, ile vanishi ya kung'arisha, mpaka unajiona meno. Likazoa komwe 14. Pembeni yake bakuli dogo la mwarobaini, jembamba, halina mbwembwe, likapata 2. Baadaye watu wakashika yote mawili, kumbe lile kubwa kwa ndani chini lina kilima katikati kama Mlima Kilimanjaro, na kitakoni kuna matundu manne ya skrubu za kulishikia kwenye mashine, yamezibwa na unga wa mbao na supaglu. Lile dogo ukilishika hujui mwanzo wala mwisho wa ukuta wake. Na mi nilitia komwe zangu mbili kwenye lile beseni, sijivunii ila ndo ukweli.

Basi baada ya ugomvi mdogo (uliisha kwa vitumbua, kama ugomvi mwingi wa Tanga) wakaamua kuita fundi wa nje. Komwe zikabaki kwa ajili ya kipenzi cha watu, anapata zawadi ndogo, ila pointi zinatolewa na fundi mgeni, na sharti ni moja: lazima aseme kwa sauti mbele ya wote kwa nini. Wadau, hapa ndo penyewe. Kama ukiniuliza kwa nini nalipa ile ada jibu ni dakika tano za huyu fundi na kipande chako mkononi mwake. Hayo mengine yote, vikombe, pointi, picha, ni kisingizio cha kukufanya umalize kazi ukailete ikashikwe.

Wa kwanza kuja alikuwa mzee mfupi, mtulivu, kazi yake miguu ya vitanda na nguzo za ngazi tangu ujana. Cha kwanza anachofanya ni kupindua. Bakuli zuri vipi, anageuza aone kitako. Anasema juu kila mtu anasafisha kwa sababu anajua pataonekana, chini ndo unajua mtu alikuwa na subira kiasi gani. Halafu anaweka kwenye kioo, anagusa ukingo kwa kidole kimoja, likicheza tu anakutazama. Kumbe kitako hakitakiwi kuwa bapa, kinatakiwa kiingie ndani kidogo sana kama kiganja, bakuli likae kwa duara lake la nje, ukiacha bapa mbao ikitanuka kidogo katikati linazunguka kama pia. Mi mwaka mzima wa kwanza nilikuwa nasugua kitako kwenye msasa juu ya saruji ili kiwe bapa kabisa, yaani nilikuwa naharibu kwa juhudi.

Halafu anafumba macho. Dole gumba ndani, vidole vingine nje, anashuka kutoka ukingoni mpaka chini taratibu, midomo imekazwa. Akifika mahali ukuta unanenepa anasimama anasema "hapa uliogopa". Na kweli! Kila mtu anaogopa pale ukuta unapokunja kuelekea chini, kwa sababu ndo patasi inapopenda kung'ata, basi unapaacha panene unajifariji kuwa ni uimara.

Mwisho anaomba simu, anawasha tochi, anailaza pembeni mwanga upite juu ya mbao kama jua la jioni. Hapo ndo nilipouawa. Kwenye mwanga wa kawaida bakuli langu lilikuwa kioo, chini ya tochi ya kulala likajaa mikwaruzo ya duara kama sahani ya santuri. Akaniuliza msasa gani nilianza nao, nikasema namba 80 (namba ikiwa ndogo msasa ni mkali zaidi). Ukafuata? Nikasema 240. Akacheka kwa upole, akasema mwanangu umeruka ngazi, mikwaruzo ya 80 haifutwi na 240, inang'arishwa tu, ulitakiwa upite 120 na 180 na kila ukibadilisha usimamishe mashine ufute vumbi usugue kidogo kwa mkono kufuata nyuzi. Halafu akanionyesha sehemu mbili zinazotazamana ambapo nyuzi zimeng'oka, kama ndevu zilizonyolewa na wembe butu. Hizo kila bakuli linazo kama huna patasi kali, kwa sababu bakuli linavyozunguka kila mzunguko patasi inakutana na vichwa vya nyuzi, yaani ncha zake zilizokatwa, mara mbili. Dawa si msasa. Dawa ni kunoa, na kukata kwa mwelekeo unaolaza nyuzi, nje unatoka kitakoni kwenda ukingoni, ndani unatoka ukingoni kushuka chini. Akamalizia, "wewe unapaka klia kufunika dhambi." Ukumbi mzima ukaangua kicheko na mi nikacheka, ila nilirudi nyumbani nikanoa bobari yangu, ile patasi yenye mfuo, mpaka saa sita usiku.

Sasa linganisha na kuona picha ya kazi yako imepata mioyo 60 kwenye simu. Mioyo haijawahi kuniambia hapa uliogopa.

Mwezi mwingine wa kuusimulia ni wa vidau vya wanja. Nani aliyetoa wazo hili Mungu amlipe, maana mada za kila siku ni bakuli, bakuli, kinara cha mshumaa, bakuli. Kidau cha wanja ni kidogo, kinaingia kiganjani, lakini kina kila mtihani: kukomba ndani mahali patasi haionekani, kifuniko kikae, mdomo wa nje wa kifuniko ufuatane na tumbo la kidau uonekane mti mmoja. Na kila mtu pale bibi yake alikuwa nacho kwa hiyo hakuna wa kudanganywa umbo.

Mi nilipata gogo la mwembe, jirani alikata tawi likawa linagonga bati lake. Mwembe wa kukaa chini muda kidogo unaingia ukungu unaochora mistari myeusi ndani ya mbao, mzuri kinyama, kama ramani. Nikakereza kwa wiki nzima. Ijumaa usiku kifuniko kinaingia na kutoka vizuri mpaka nilimwamsha mke wangu aone, hakufurahi. Jumamosi fundi akashika namba yangu, akavuta. Akavuta tena. Akampa kijana mmoja anayebeba vyuma, kijana akavuta mpaka shingo ikasimama. Kidau changu hakikufunguliwa mpaka shindano likaisha, kimefunguka chenyewe wiki mbili baadaye na sasa kifuniko hakiingii.

Nilichosahau ni kwamba mti ule ulikuwa bado unakauka. Na mbao haisinyai sawasawa, kwa kufuata duara la pete za mti inasinyaa karibu mara mbili ya inavyosinyaa kuelekea moyo wa mti, kwa hiyo kitu ulichokereza duara kikikauka kinakuwa yai. Kidau kikawa yai huku, kifuniko yai kule, vikakabana. Wanaojua wanakereza mara mbili: mara ya kwanza kibichi, wanaacha ukuta mnene, kipimo chao ni kama sehemu moja ya kumi ya upana, yaani bakuli la sentimita 20 unaliacha na ukuta wa sentimita 2, wanapaka nta kwenye vichwa vya nyuzi, wanatia kwenye mfuko wa karatasi wanaweka mbali na jua na upepo. Kinasubiri miezi. Kikishapinda kitakavyo na kutulia ndo kinarudi kwenye mashine. Hapa kwetu na huu upepo wa bahari usiwe na pupa kabisa, ndo maana nikasema kutangaza mada miezi miwili kabla ni jambo zuri, na kama ingewezekana watangaze za mwaka mzima Januari tujue tunakausha nini.

Aliyeshinda mwezi ule alikuwa dada mmoja, wa pekee pale aliyekuwa anashindana wakati huo (sasa wako watatu). Cha kwake kilikuwa cha mpingo. Wanaoujua mpingo wanajua, mti mzito kiasi kwamba kipande ukikitia kwenye ndoo ya maji kinazama moja kwa moja, ndo huo wanaotengenezea klarineti na zumari za kizungu huko duniani, na unakula makali ya patasi kama nini. Yeye alipata kimabaki kwa mchonga vinyago, kipande cha kutupa. Fundi akavuta kifuniko, kikatoka taratibu kikivuta pumzi, ile sauti ndogo ya hewa kuingia, fyuu. Akakirudisha kikashuka chenyewe. Ndani pamelainishwa kama nje. Na ndani kulikuwa na kijiti cha kupakia wanja, mpingo ule ule, chembamba kama kijiti cha kibiriti. Mzee hakusema kitu kwa muda. Halafu akasema hiki sikipi maksi, nakitaka. Na komwe zikakubaliana naye kwa mara ya kwanza, 19.

Haya, malalamiko.

La kwanza ni zawadi ya fedha. Kawaida zawadi ni msasa, kipande cha mbao nzuri, kopo la nta, vitu vya watu wa kazi. Kuna mwezi mfadhili mmoja akatoa laki moja taslimu kwa mshindi, wote tukapiga makofi, na ule ndo mwezi mbaya kuliko yote. Walikuja watu ambao hatujawahi kuwaona wakishika patasi. Kuna kinara kililetwa kinanuka duka kabisa, na kuna mwingine kazi ilikerezwa na kijana wake wa karakana yeye akaja kupokea. Ilivyotatuliwa nilipenda: sasa hivi kuna sheria kazi iwe ya ndani ya miezi mitatu na ulete kipande kilichobaki cha gogo lile lile ukiombwa, halafu fundi anaweza kukuuliza umeshikaje kazi kwenye mashine ulipokuwa unakereza kitako. Hilo swali halijibiki na mtu aliyenunua dukani. Ila fedha taslimu wasirudie tena.

La pili ni madaraja. Yapo mawili, wanaoanza na wazoefu, lakini unajipangia mwenyewe uko wapi! Basi kuna kaka mmoja fundi samani wa miaka na miaka, mikono yake inakereza hata akiwa amelala, kajiandikisha "anayeanza" kwa hoja kwamba mabakuli ndo ameanza mwaka huu. Anachukua kila mwezi. Nimeongea naye uso kwa uso, kanijibu shemeji, mbona hata wewe ungependa msasa wa bure. Nilikosa jibu. Dawa ni rahisi tu, ukishinda mara tatu daraja la chini unapanda, upende usipende, na mwaka ukiisha hakuna kushuka. Wenzetu Uingereza mambo haya wameyafanya muda mrefu, pale London chama cha wakerezaji kilipewa hati na mfalme mwaka 1604 na mpaka leo wanashindanisha watu, chama chao cha nchi nzima cha wakerezaji kilianza 1987, mwaka mmoja baada ya Wamarekani kuanzisha cha kwao. Siyo kwamba kila cha kwao kiigwe, ila hatuna haja ya kugundua upya ugomvi uliokwisha kuamuliwa kwingine.

La tatu ndo linaniuma kweli. Mashine ziko mbili tu. Wenye mashine nyumbani wanakereza saa wanayotaka, sisi wengine wiki ya mwisho tunapanga foleni kama ya maji, na umeme ukikatika Alhamisi ndo umeshindwa kabla hujashindana. Kuna mwezi nilileta kinara kisichopigwa msasa upande mmoja, nikakiweka upande huo ukutani. Kilipinduliwa, bila shaka.

Lakini hapa pia niwape haki yao kwa sababu walisikia. Mwezi wa tisa wakafanya la papo hapo: vipande vyote vya mtiki vya saizi moja, dakika 40, patasi zile zile za klabu, kila mtu akereze mwiko wa kupikia. Mtiki tunapata mabaki kutoka kwa wapasuaji wa upande wa Muheza, kule ndiko kwenye shamba kubwa la mitiki la Longuza, bei siyo mbaya, tatizo lake ule mti una chembechembe ndani kama mchanga unamaliza makali haraka, kwa hiyo anayejua kunoa katikati ya kazi ndo anayeshinda. Ilikuwa burudani. Na katikati ya fujo hiyo yule babu wa pia akatoa keezo la uta, mashine ya kukerezea ya kuvuta kwa mkono, kwenye kiroba. Sijawahi kuliona kabla. Anakaa chini kwenye mkeka, vipande viwili vya mbao vinashika kazi kwa misumari, kamba ya uta imezungushwa kwenye kazi yenyewe, mkono wa kulia unavuta uta mbele na nyuma, wa kushoto unashika patasi na kidole gumba cha mguu ndo kinaiongoza. Kwa kuwa kazi inakwenda mbele na kurudi, patasi inakata upande mmoja tu, ikirudi anailegeza kidogo, basi inalia shwaa, kimya, shwaa, kimya. Sote tuliokuwa na mota tukasimama kuangalia, wenye foleni wakasahau foleni. Hakumaliza ndani ya dakika 40, alichukua saa nzima na ushee na mwiko wake ulikuwa na vipete vidogo vitano kwenye mpini ambavyo mi hata kwa mota sijathubutu. Mashindano yakamkatalia kwa sababu alipitisha muda. Watu walitia komwe kwenye kofia yake.

Mambo madogo madogo. Ada ni elfu kumi kwa mwezi na shindano halina kiingilio cha ziada. Chai na vitumbua vipo, anayechelewa anakuta sinia. Patasi za klabu zinapakwa mafuta kila wakifunga na ni lazima, hapa karibu na bahari ukiacha chuma wiki moja kikavu kinaota kutu, ukikopa ukarudisha bila kupaka utasemwa mpaka Pongwe wasikie. Maranda yanachukuliwa na mama mmoja mfuga kuku, bure, ila siku za mvule na mpingo anakataa na ana akili kuliko sisi, vumbi la mvule linawasha kifua na ngozi na pale watu bado wanapiga msasa bila barakoa wakijisifu. Hili nimelisema kikaoni na nalirudia hapa.

Kwa anayeanza kabisa, njoo miezi miwili ya kwanza bila kushindana, ukae karibu na fundi akipindua kazi za wengine, halafu mwezi wa tatu ulete kitu. Ukija na mtoto mruhusu, wanapokelewa vizuri na atakushinda. Kwa mtu anayetaka kikombe cha kuweka kabatini, sijui, wazee wawili wanabadilishana kile cha mwaka kama zamu ya ulinzi.

Nyota nne. Ya tano wataipata wakirekebisha madaraja. Mada ya mwezi ujao ni mchi, na kipande changu cha mkorosho kipo uvunguni mwa kitanda tangu mwezi wa sita, kimekauka, nimekipima. Miwani ya kazi njoo na yako, zile mbili za pale zimekwaruzika huoni hata patasi iko wapi.